UZI: Tunagombania paneli na nyuklia, kumbe shida inakaa kwenye waya na kwenye saa ya jioni

#1 Swichi_Kuu (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nimefuatilia mijadala ya nishati safi humu mpaka macho yamechoka. Kambi moja inasema jua na upepo vitamaliza kila kitu, kambi nyingine inasema bila makaa ya mawe tutarudi gizani. Mimi nimekaa miaka 11 kwenye chumba cha kuongozea gridi. Kazi yangu ilikuwa kuikodolea macho namba moja, naomba niwasimulie nilichokiona humo.

Namba yenyewe ni 50 (kwa Marekani ni 60). Ndiyo frikwensi ya gridi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme unaofuliwa ukilingana na unaotumika, namba inatulia. Matumizi yakizidi inashuka, uzalishaji ukizidi inapanda. Katikati hapo hakuna ghala. Ukichomeka pasi, kuna jenereta mahali fulani inahisi uzito huo papo hapo.

Kuna jioni moja siisahau. Jua linazama, mitambo ya jua inashuka kama tulivyotarajia, watu wamerudi nyumbani wanawasha taa, majiko na pampu za maji. Mtambo wa gesi uliokuwa ushike zamu ukagoma kuwaka. Nikaona 49.91. Mara 49.84. Mwenzangu yuko kwenye simu anawaomba watu wa bwawani waongeze maji kwenye tabaini, kalamu ameing'ata kama muwa. 49.71. Kwetu ikifika 49 rilei (swichi za ulinzi) zinaanza kukata maeneo zenyewe, hazimuulizi mtu. Bwawa likaitikia. Namba ikasimama 49.66, ikakaa pale kama inatafakari, ndipo ikaanza kupanda.

Sasa sikilizeni. Mchana wa siku hiyohiyo, kama saa saba, tulikuwa tumeiagiza mitambo ya jua ipunguze kwa sababu umeme ulikuwa mwingi hauna pa kwenda. Saa saba wa kumwaga, saa kumi na mbili tunaupigia magoti. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "tumejenga megawati kadhaa" namuuliza maswali mawili tu: zinapatikana saa ngapi, na zinapita wapi?

Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulikuwa na mitambo 365 imesimama, megawati 310, tayari mapema mwaka 2017. Njia ya kusafirishia umeme, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika Septemba 2018. Yaani upepo unavuma, mapanga yapo, mkopo unadai, na waya haujafika. Msidhani ni ugonjwa wa nchi zinazoendelea. Ujerumani upepo wao mwingi uko kaskazini na viwanda vikubwa viko kusini. Njia yao ya SuedLink, kama kilomita 700, ilipangwa iwe tayari 2022. Wananchi wakapinga nguzo, sheria ikabadilishwa waya ufukiwe ardhini, na sasa inazungumzwa 2028. Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu mwaka 2023 likakuta miradi ya nishati jadidifu isiyopungua gigawati 3,000 (gigawati moja ni megawati 1,000) duniani iko kwenye foleni ikisubiri kuunganishwa na gridi. Foleni, wakuu. Si ukosefu wa paneli.

Wachina wao hawakuremba. Walivuta njia moja ya volti 1,100,000 kutoka Xinjiang kuelekea mashariki, kama kilomita 3,300. Ni kweli kwao mwananchi hana nafasi kubwa ya kusema nguzo isipite shambani kwake, na hilo nalo ni bei.

Karibuni, ila tupunguze matusi.

#2 Kaa_la_Moto

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka. Hispania 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, jua linawaka, mitambo ya jua inafua kwa nguvu zote. Gigawati 15 zikapotea kwa sekunde tano, nchi nzima giza pamoja na Ureno. Treni zimesimama, watu wamekwama kwenye lifti. Hapo shida ni jioni? Shida ni hayo mapambo yenu ya juani.

#3 Swichi_Kuu

Nilijua utaileta hiyo, na ni swali halali.

Jenereta la makaa, gesi, maji au nyuklia ni chuma cha mamia ya tani kinachozunguka. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, vyuma vingine vinaendelea kuzunguka kwa uzito wao na kukupa sekunde chache za kujipanga. Wenyewe wanaita inesha. Paneli haina chuma kinachozunguka, ina inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa aina ya gridi, na inveta nyingi za leo zimetengenezwa kufuata gridi. Gridi ikiyumba, zinajitoa. Hapo nakubaliana nawe.

Lakini uchunguzi wa Hispania haukukuta kwamba jua ndilo lililoangusha gridi. Walikuta msongo wa umeme (volti) ulipanda kupita kiasi, mtambo mmoja ukajitoa, msongo ukazidi kupanda, wa pili ukajitoa, ikawa kama vigae vinavyoporomoka. Baadhi ya mitambo ya kawaida iliyopangiwa kazi ya kuutuliza msongo haikuutuliza ilivyotakiwa. Na kanuni za huko zilikuwa haziruhusu mitambo mingi ya jua na upepo kushiriki kuutuliza. Uwezo wa kiufundi upo, karatasi ndiyo iliyochelewa. Sera hiyo, mkuu, siyo teknolojia.

Nikupe mfano ulio karibu na hoja yako. Australia Kusini, 28 Septemba 2016: dhoruba iliangusha minara ya umeme, mashamba ya upepo yakajitoa kwa sababu ya mpangilio wa ulinzi ambao waendesha gridi wenyewe hawakuujua vizuri, jimbo zima likazimika. Walifanya nini? Walirekebisha mipangilio. Desemba 2017 wakawasha betri ya Hornsdale, megawati 100. Wiki mbili baadaye mtambo wa makaa wa Loy Yang, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo, ukazimika ghafla. Betri ikaanza kumwaga umeme kabla sekunde haijaisha. Mwaka 2021 wakaongeza mashine nne kubwa za kuzunguka tu, hazifui umeme, kazi yake ni kutoa ule uzito niliousema. Leo sehemu kubwa ya umeme wao ni upepo na jua.

Na kama tunahesabu maafa, Texas Februari 2021 baridi iligandisha mabomba ya gesi, mitambo ya makaa, upepo, hata kinu kimoja cha nyuklia. Gesi ndiyo iliyopunguza umeme mwingi kuliko wote. Kuna visima vya gesi vilivyokatiwa umeme kwenye mgao, vikashindwa kusukuma gesi kwa mitambo ya kufua huohuo umeme. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

#4 Chura_Kiziwi

"visima vya gesi vilivyokatiwa umeme vikashindwa kusukuma gesi ya kufua umeme"

😂😂 hii nimeirudia mara tatu

#5 Binti_Hesabu

Mleta uzi, umeeleza waya na saa, umeruka pesa. Na pesa ndiyo inayoua sera, niamini, ndiyo kazi yangu.

Soko la umeme sehemu kubwa ya Ulaya linafanya hivi: mtambo wa mwisho na wa ghali zaidi unaohitajika saa hiyo ndio unaopanga bei ya wote. Kwa hiyo mwaka 2022 gesi ilipopaa, hata umeme wa upepo ukauzwa kwa bei ya gesi. Mwananchi anaambiwa "upepo ni wa bei rahisi", anatazama bili yake, anaona anadanganywa. Hajadanganywa kuhusu upepo. Hajaelezwa kuhusu soko.

Upande wa pili, mchana jua likiwa kali bei inaanguka chini ya sifuri. Ujerumani mwaka 2024 walikuwa na saa 457 za namna hiyo, yaani muuzaji anamlipa mnunuzi achukue. Ukiwa mwekezaji, na kila mtu anafua saa ileile unayofua wewe, mradi wako unajila wenyewe. Ndiyo maana zabuni za zamani za "jenga megawati, tutanunua zote" hazifai tena.

Halafu kuna la Pakistan, ambalo kila waziri wa nishati angelisoma kabla ya kulala. Umeme wa gridi ulipanda bei mno, paneli za China zikashuka mno. Mwaka 2024 peke yake wakaingiza paneli za takriban gigawati 17. Wenye paa na akiba wakajitegemea. Sasa serikali ilikuwa na mikataba ya kuwalipa wenye mitambo hata wasipofua kitu, ilimradi mitambo ipo tayari. Gharama hiyo haikupungua hata senti. Wateja wamepungua, mzigo uleule, kwa hiyo unamwangukia aliyebaki. Na anayebaki ni nani? Mpangaji asiye na paa, na duka dogo lisilo na mtaji. Wakizidi kupandishiwa, na wao wanatafuta mlango.

Nawapenda watu wa jua, lakini ukinambia paneli za majumbani ni ukombozi wa maskini nitakuomba unioneshe paa la maskini.

#6 Swichi_Kuu

Dada, hapo umepiga penyewe. Sikuruka kwa makusudi, ni kwamba chumbani mle bei tulikuwa tunaziona ubaoni tu, hatukuwa tunazilipa.

#7 Atomu_Moja

Mnazunguka kote huko mnaogopa kutaja neno nyuklia. Saa ya jioni? Inafua. Usiku? Inafua. Hewa chafu? Jopo la kimataifa la tabianchi liliweka nyuklia kama gramu 12 za kaboni kwa kila uniti, sawa na upepo, wakati makaa ni kama 820 na gesi 490. Ujerumani walizima vinu vitatu vya mwisho 15 Aprili 2023 huku wanachoma makaa. Makaa! Sheria yao inawapa mpaka 2038 kuyaacha. Wameanza kuzima lililo safi wakabakiza chafu. Sijui nani aliwaroga.

Emirati walianza kujenga Barakah mwaka 2012, kinu cha nne kikaanza kazi 2024. Vinu vinne, karibu robo ya umeme wa nchi yao. Hayo ndiyo maendeleo, siyo kuomba wingu lipite.

#8 Binti_Hesabu

Kaka, Barakah umeitaja, mbona Flamanville hukuitaja? Wafaransa, mabingwa wenyewe wa nyuklia, walianza 2007 wakisema 2012 kitawaka. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024. Olkiluoto 3 ya Ufini ilianza 2005, ikaingia kazi ya kawaida 2023. Miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anakaribia umri wa kupiga kura ndipo kinu kikatulia. Riba ya miaka yote hiyo nani anailipa?

Kuhusu Ujerumani nakubali, kuzima vinu ambavyo tayari vimelipiwa ilikuwa hesabu mbaya. Ila uamuzi ule ulitoka kwa wananchi walioiona Chernobyl 1986 na Fukushima 2011. Huwezi kuwapigia kikokotoo watu wenye hofu ukategemea wakushukuru.

#9 Atomu_Moja

Sawa, ucheleweshaji upo. Ila ni wa kujenga kinu kimoja kimoja kwa michoro mipya kila mara. Ufaransa ya miaka ya 70 na 80 walijenga vinu zaidi ya 50 kwa michoro michache, wakamaliza.

#10 Swichi_Kuu

Na mwaka 2022 vinu hivyo vya michoro michache vikakutwa na nyufa za kutu kwenye mabomba, vingi kwa mpigo, Ufaransa ikawa inanunua umeme nje kuliko inavyouza. Kufanana ni faida mpaka siku ugonjwa unapoingia.

Siipingi nyuklia. Kama unayo na inafanya kazi, usiizime. Kama huna, anza leo ukijua itakusaidia mwanao, na katikati hapo bado utahitaji waya na betri.

#11 Kaa_la_Moto

Sasa nami niseme la moyoni, maana jina langu si la utani. Baba yangu alifanya kazi kwenye boila la makaa miaka 29. Nilikuwa nampelekea chakula. Ukifika getini unasikia mlio mzito unaingia kwenye kifua kabla ya masikio. Alikuwa anarudi na vumbi kwenye mikunjo ya shingo ambalo halikutoka hata kwa sabuni ya kufulia. Alikufa kwa kifua, najua, msinikumbushe. Lakini mshahara ule ndio ulionisomesha mimi na wadogo zangu wanne.

Mkizungumza kufunga mnataja gigawati. Hamtaji mji. Afrika Kusini mwaka 2021 iliahidiwa dola bilioni 8.5 na mataifa tajiri iachane na makaa. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Komati, mtambo wa makaa wa huko, ikafungwa Oktoba 2022, ikawekwa iwe kielelezo. Wenyeji wakalalamika kwamba kazi mpya hazikufika wakati zile za zamani zilipoondoka. Na 2025 Marekani ikajitoa kwenye mpango wenyewe.

Uingereza walifungua mtambo wa makaa wa kuwauzia watu umeme London mwaka 1882. Wa mwisho, Ratcliffe, wameufunga 30 Septemba 2024. Miaka 142 ya kujenga utajiri. Afrika yote inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya nishati duniani, na watu kama milioni 600 hawana umeme kabisa. Halafu aliyekula akashiba anakuja kutufundisha kufunga.

#12 Swichi_Kuu

Mkuu pole kwa mzee.

Sina la kupinga kwenye mikopo. Kumkopesha mtu ili aache kitu ambacho wewe ulitajirikia ni jambo la ajabu. Niongeze tu kwamba kufunga kwenyewe kunaweza kufanywa vizuri. Waingereza haohao mwaka 2012 makaa yalikuwa kama asilimia 40 ya umeme wao, na serikali ilitangaza 2015 kwamba yataondoka ndani ya miaka kumi. Mtu wa Ratcliffe alikuwa na muda wa kujifunza fani nyingine. Hispania mwaka 2018 serikali ilikaa mezani na vyama vya wachimbaji kabla ya migodi kufungwa, wakakubaliana euro milioni 250, wenye miaka 48 na kuendelea wakastaafu mapema. Kule Komati mtambo ulitangulia, mpango wa watu ukafuata nyuma unachechemea.

#13 Mpita_Njia

Na gesi je? Si wanasema ni daraja la kututoa kwenye makaa kwenda nishati safi?

#14 Binti_Hesabu

Daraja lenye mkopo wa miaka 30 si daraja, ni nyumba. Ukishajenga bomba na mtambo utataka vifanye kazi mpaka vilipe. Na gesi inayovuja kabla ya kuchomwa ni methani, inayopasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni kwa miaka 20 ya kwanza. Bomba linalovuja asilimia chache tu linaweza kufuta faida yote dhidi ya makaa. Ila mtambo mdogo wa gesi wa kuwasha saa mbili za jioni wakati betri hazijatosha, huo sina ugomvi nao.

#15 Chura_Kiziwi

Kobalti ya Kongo mbona hamjaigusa? Betri zenu safi zinachimbwa na watoto.

#16 Swichi_Kuu

Ni kweli, Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na uchimbaji mdogo kule una watoto. Ila betri nyingi zinazofungwa kwenye gridi siku hizi ni za lithiamu na fosfati ya chuma, hazina kobalti wala nikeli. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli. Tulilia kutegemea gesi ya nchi moja. Tofauti ni kwamba gesi ikikatwa unazima leo, paneli zikikatwa zile ulizonazo zinaendelea miaka 25. Siyo utumwa wa aina moja.

#17 Mpita_Njia

Samahani wakubwa, nina swali la kijinga. Nina paneli 12 juu ya bati. Umeme wa gridi ukikatika mchana, jua linachoma mpaka bati linalia, na mimi ndani giza kama jirani asiye na paneli. Fundi aliyenifungia hapokei simu. Nimeibiwa?

#18 Swichi_Kuu

Swali hili halina ujinga, ndiyo uzi wote huu kwa udogo wake. Inveta yako ni ya kufuata gridi. Inasikiliza zile 50 kwenye waya, ikizikosa inajizima ndani ya muda mfupi sana. Ni kwa makusudi: isipojizima, umeme wako utarudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayedhani waya umekufa. Ukitaka kuwaka gridi ikiwa imekatika unahitaji inveta inayoweza kuunda umeme wake, betri, na swichi ya kukutenga na njia ya nje. Angalia ubavuni mwa inveta, kuna kibandiko. Kimeandikwaje?

#19 Mpita_Njia

Kimefutika na jua, wameifunga ukuta wa magharibi. Chini kuna tundu mbili za paneli na moja la waya wa kwenda kwenye mita. Hakuna pa kuchomeka betri. Taa nyekundu inapepesa.

#20 Swichi_Kuu

Sasa hivi gridi ipo?

#21 Mpita_Njia

Hapana. Naandika na simu, chaji asilimia 9.

#22 Swichi_Kuu

Basi inafanya kazi yake sawasawa. Usiifungue. Iwekee kivuli, magharibi pale itakufa mapema, na fundi akipatikana mwambie akutajie bei ya inveta inayopokea betri kabla hujamlipa kitu kingine.